Sura ya Tisa: Jiwe la Nyumba Mbili

Inspekta Trilok Pangtey aliziweka zile nusu mbili za jiwe mezani, akajaribu kuziunganisha kwa mara ya tano. Zilikataa. Lilikuwa jiwe jeusi la mtoni, kubwa kama mkate, lililopasuliwa katikati na watu waliokwisha kufa zamani. Kila nusu ilionekana kama inataka kukaa ubavuni mwa mwenzake, lakini ukizisogeza, pengo, ukizigeuza, pengo. Askari Joshi, aliyekuwa akimtazama kwa huruma, alinyoosha mkono, akaipindua nusu moja juu chini, akaizungusha kidogo, na jiwe likafunga hata ukucha usingepita.

"Umejuaje?" Pangtey aliuliza.

"Sikujua, afande. Jana nilihangaika nalo karibu saa nzima ulipokuwa mochwari."

Mochwari yenyewe ilikuwa ghala la shayiri nyuma ya kituo. Humo alikuwa amelala Mzee Jaman Singh Garbyal, mfanyabiashara wa miaka sabini na mmoja, aliyeonekana mara ya mwisho Jumamosi mchana na kukutwa Jumanne chini ya genge, nusu saa kutoka soko la Gunji. Watu walisema ameteleza. Pangtey naye angesema hivyo hivyo, kama asingeitazama shingo ya marehemu. Mzee Jaman alivaa kamba ya ngozi iliyobeba kifuko, na ndani ya kifuko alihifadhi nusu yake ya jiwe, alama ya udugu wa biashara na nyumba moja ya ng'ambo. Kifuko hakikuwepo. Kamba ilikuwepo, na ncha zake zilikuwa safi. Ngozi ikikatikia kwenye mwamba huchanika nyuzinyuzi; hii ilikatwa kwa kisu.

Jumatano walilikuta jiwe. Lilikuwa ndani ya mkoba wa Tsewang, mfanyabiashara wa sufu kutoka ng'ambo ya kipito cha Lipu, upande wa Tibet, likiwa limelala pamoja na nusu ya Tsewang mwenyewe. Sasa Tsewang alikuwa mahabusu, na soko zima la Gunji lilikuwa limekwisha kumhukumu.

Leo ilikuwa Alhamisi. Kibali cha Tsewang cha kukaa upande wa India kilikuwa kinakwisha kesho saa sita mchana. Asubuhi hiyo mkubwa wa polisi wa wilaya alisema kwa simu ya upepo, sauti ikikatikakatika, kwamba Pangtey amfungulie mashtaka au amwache avuke. Hakuna njia ya tatu, kwani akishavuka hakuna mahakama itakayomrudisha. Na Pangtey alijua jambo ambalo mkubwa wake hakuwa na haja ya kulijua. Nje, Watibeti wengine kumi na mmoja walikuwa wanafunga mahema yao. Mpaka ulifungwa miaka thelathini kwa sababu ya vita, ukafunguliwa juzi juzi tu, na biashara hii ya sufu kwa sukari guru ilikuwa bado inatambaa. Tsewang akishuka bondeni na pingu, hakuna mtu wa ng'ambo atakayeleta tena robota hata moja la sufu Gunji. Kijiji kingekula theluji.

*

"Nilipewa," alisema Tsewang. Alikuwa na miaka kama arobaini, uso umeungua na upepo, na Kihindi chake kilikuwa cha sokoni, kifupi na cha kutosha. Mbele yake chai ya chumvi na siagi ilikuwa imepoa bila kuguswa.

"Na nani?"

"Na mtu."

"Lini?"

"Jumapili asubuhi, kabla soko halijafunguliwa. Alikuja hemani, akaweka jiwe. Nikalinganisha na langu. Likakaa. Nikatoa marobota ishirini, yale aliyokuwa ameagiza kaka yangu Jaman. Wachukuzi wake wakapakia baghala, wakashuka nayo."

"Mzee Jaman alikuwa kaka yako?"

"Babu yangu na baba yake walipasua jiwe hilo. Kwa hiyo ni kaka."

"Na huyo mtu ni nani, Tsewang?"

"Aliyekuja na jiwe haulizwi jina."

"Mimi ndiye ninayekuuliza, wala si jiwe. Ulimwona uso?"

"Alijifunga shali mpaka machoni."

"Sikukuuliza alivaa nini. Nimeuliza kama unamjua."

Tsewang aliinamisha kichwa. Akakisogeza kando kikombe cha chai.

"Afande," alisema, "mtu akiingia kwangu na jiwe, yeye ndiye ile nyumba. Nikimuuza yeye, nimeiuza nyumba. Nipeleke tu huko chini."

"Wanaweza kukunyonga."

"Nimesikia."

Pangtey alitoka akiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya heshima. Kwake Munsiari, mabonde mawili magharibi, nyumba yao pia ilikuwa na nusu ya jiwe. Yeye alilikuta linakandamizia figili za achari jikoni kwa bibi yake, na hakuna aliyewahi kumweleza lilikuwa la nini hasa. Lakini alikuwa amepata kitu. Mwizi wa njiani, mgeni asiyehusika, Tsewang angemtaja bila kumung'unya maneno. Alikuwa anamficha mtu wa nyumba ya Jaman. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na nyumba ya Jaman ilikuwa na watu watatu tu: Gomti, bintiye, Nandan, mwanawe, na Mzee Keshar, mbia wake wa tangu ujana.

*

Mzee Keshar alikuwa anapiga kwato za baghala msumari, na hakuacha kazi kwa ajili ya polisi.

"Wanasema mligombana," Pangtey alianza.

"Tuligombana miaka hamsini. Ungekuja siku ambayo hatukugombana, hapo ungekuwa na kesi."

"Ijumaa mligombania nini?"

"Huyu hapa." Alimpiga baghala kofi la mapenzi takoni. "Jaman alitaka kumbebesha guru kilo themanini. Nikamwambia mnyama kazeeka kama wewe. Akanitukana, nikamtukana, tukala."

"Jumamosi mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Muulize mkeo akija."

"Sina mke, mzee."

"Ndiyo maana unauliza maswali ya kipumbavu. Waulize basi wale wote waliokuwa wanapanga foleni kwangu na wanyama wao."

Pangtey alikuwa ameshawauliza, na jibu lilikuwa hilo hilo. Alikaa juu ya gunia. Kitu kimoja kilikuwa kinamkera tangu asubuhi, na hakikuwa na jina.

"Mzee, zamani ulipokuwa kijana, Mzee Jaman aliwahi kukutuma Taklakot, huko ng'ambo, na lile jiwe?"

"Mara nne. Nikiwa na miaka kumi na tisa, sijui neno la Kitibeti ila 'chai' na 'ghali'."

"Nieleze. Unafika, halafu?"

"Unafika, unakaribishwa, unakunywa chai mpaka tumbo linalia. Unaweka jiwe. Naye analeta lake. Yeye ndiye anayelinganisha, si wewe. Likikaa, mnacheka, anakupa sufu."

"Halafu?"

"Halafu unarudisha jiwe kifuani, unakwenda zako."

Pangtey aliinua macho. "Unarudi nalo?"

Keshar aliacha nyundo kwa mara ya kwanza. Alimtazama inspekta kama mtu aliyeulizwa iwapo baada ya kula hurudi na meno yake.

"We mtoto wa Pangtey, hivi kwenu hakuna wazee? Ukiliacha jiwe, mwakani utakwenda na nini? Jiwe likibaki ng'ambo maana yake udugu umekwisha, mmerudishiana. Hakuna mtu anayeliacha jiwe."

"Kuna mtu ameliacha," Pangtey alisema.

Alisimama, akajipangusa suruali. Moyoni alikiri jambo ambalo asingeliandika katika ripoti: hata yeye angeliacha. Mtu mwenye miaka ya Keshar asingefanya kosa hilo hata akiwa mlevi. Na Gomti alikuwa amevuka kipito na baba yake misimu yote minne tangu mpaka ufunguliwe. Ameliona jiwe likitoka na kurudi kifuani. Aliyebaki alikuwa mmoja.

*

Nandan Singh Garbyal alimpokea mlangoni kwa kilemba cheupe cha msiba. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, sauti ya upole, viatu vya mjini. Dada yake Gomti alikuwa nyuma, karibu na jiko, akikanda unga wa shayiri wa kumsindikizia marehemu, na hakuinua kichwa.

"Karibu, afande. Mnampeleka lini yule muuaji?"

"Kesho. Pole sana kwa msiba. Maswali machache tu, ya kujaza karatasi. Unafanya kazi wapi?"

"Tanakpur, kwenye maghala karibu na reli. Mimi ndiye mtunza ghala."

"Kazi nzito."

"Ya kawaida. Mwenye mzigo analeta stakabadhi, mimi naichukua, namtolea mzigo. Asiye na stakabadhi, hata awe mjomba wangu, harudi na kitu."

"Jumamosi mchana?"

"Nilikuwa humu ndani, nimelala. Kichwa kiliniuma kwa sababu ya mwinuko. Sijazoea tena huku."

"Na lile jiwe, baba yako alikufundisha habari zake?"

Nandan alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeonewa. "Nilizaliwa mpaka umeshafungwa. Hakuniruhusu hata kulishika. Alisema ni la mtu anayeijua njia." Macho yake yalimwacha inspekta, yakaenda kwa dada yake, yakarudi. "Nusu ya yule Mtibeti sijawahi hata kuiona."

"Hujawahi."

"Kamwe."

Gomti aliacha kukanda. "Baba alisema msimu huu atanilinganishia mbele ya Tsewang," alisema taratibu, akiutazama unga. "Jiwe liwe langu. Alimwambia Nandan siku ya Ijumaa."

"Gomti, hayo ni mambo ya nyumbani."

"Afande kauliza habari za jiwe, kaka. Namwambia habari za jiwe."

Pangtey aliandika maneno mawili, akafunga daftari. Kisha akasema, kana kwamba ni jambo lililomponyoka, kwamba Tsewang alikuwa na marobota sita zaidi ya sufu laini aliyomtengea marehemu. Kabla hajashushwa bondeni alitaka ayaache kwa mrithi. Ila, watu wa ng'ambo na ukaidi wao, amekataa kuandika hati ya kuyatoa mpaka jiwe lilinganishwe. Je, Nandan angeweza kufika kituoni na dada yake, jioni hii kabla jua halijazama, kumaliza shughuli?

Nandan alifikiri kwa muda mfupi sana. "Kama ni haki ya marehemu," alisema.

*

Kituoni kulikuwa na meza moja na viti vitatu, kwa hiyo wengine walisimama. Mzee Keshar aliitwa kuwa shahidi. Tsewang alitolewa mahabusu bila pingu, akasimama ukutani na mikono imekunjwa kifuani, na alipoona nani ameingia alifumba macho. Mapema Pangtey alikuwa amemwomba jambo moja tu: anyamaze, kama alivyonyamaza siku zote. Hilo Tsewang alilikubali bila shida.

Nusu mbili za jiwe zilikuwa mezani, umbali wa mkono mmoja. Ile ya Tsewang, Pangtey mwenyewe aliilaza kifudifudi, upande uliolainishwa na siagi ya vizazi vitatu ukiwa chini.

"Kwa kawaida mwenye sufu ndiye anayelinganisha," alisema. "Lakini huyu ni mtuhumiwa, hawezi kugusa kielelezo. Bwana Nandan, tusaidie wewe. Ikikaa, hati hii hapa ni yako."

Hati ilikuwa kando ya wino, imeandikwa na Joshi kwa mwandiko wake mzuri.

Nandan aliketi. Akaivuta nusu ya baba yake kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia aliichukua nusu ya Tsewang, akaipindua juu chini, akaizungusha kidogo, na jiwe likafunga kimya mbele yao. Hakuhangaika hata kidogo. Askari Joshi, mlangoni, alivuta pumzi kwa pua.

"Imekaa," alisema Nandan.

"Imekaa," Pangtey aliitikia. "Chukua chako."

Nandan alichukua hati. Akaisoma, akaikunja mara mbili, akaitia katika mfuko wa shati, akasimama. Alimpa inspekta mkono wa shukrani. Akageuka na kwenda hatua tatu kuelekea mlangoni, na hakuna mtu aliyesogea kumpisha, maana wote walikuwa wanatazama mezani. Mzee Keshar alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Gomti ndiye aliyesema. Sauti yake haikupanda.

"Kaka," alisema. "Umeliacha jiwe."

Nandan aligeuka. Aliitazama meza bila kuelewa, kisha akamtazama Keshar, kisha dada yake, na Pangtey aliona jambo likimfikia taratibu. Alirudi hatua moja, akanyoosha mkono kulichukua. Pangtey aliuweka mkono wake juu ya jiwe.

"Mimi nililihangaikia mara tano nikashindwa," alisema. "Joshi alilihangaikia saa nzima. Wewe hujawahi kuiona nusu ya pili, na umeilinganisha kama mtu anayefunga kifungo cha shati lake. Jumapili asubuhi ulimwona Tsewang akilinganisha, Nandan. Ukachukua mzigo, ukaiacha stakabadhi kwa mwenye ghala, kama wanavyofanya Tanakpur."

"Sikumsukuma."

Hakuna aliyekuwa amesema habari ya kusukuma. Pangtey alimwonyesha kiti kwa kidevu, na Nandan akakaa kama gunia.

"Nilimwomba mara moja tu," alisema. "Msimu mmoja. Nilishamwahidi tajiri mmoja sufu, ningefungua ghala langu mwenyewe, ningeacha kuinamia watu. Tulikuwa tunatembea. Akasema jiwe halipewi mtu anayeuliza bei kabla ya kuuliza hali. Nikakata kamba. Kamba tu, afande. Alinishika mkono, nikauvuta, akarudi nyuma. Njia pale ni nyembamba."

"Ulishuka kumtazama?"

"Hapana."

"Alikuwa amekufa?"

Nandan aligeuza uso mlangoni. Nje baghala mmoja alitikisa kengele yake.

"Nimekuuliza, Nandan."

"Alikuwa anaita."

"Alikuwa anakuita wewe?"

"Alikuwa anamwita Gomti," alisema, na hapo ndipo alipolia.

Joshi alimfunga pingu kwa upole, kama mtu anayefunga jeraha. Mzee Keshar alitoka nje bila kumuaga mtu yeyote. Pangtey alikaa kuandika maelezo. Kesi ilikuwa imekwisha na hakuona ushindi wowote ndani yake. Alipoinua macho alimkuta Gomti bado amesimama mbele ya meza, uso mkavu, mikono ikiwa bado na unga kwenye kucha.

Tsewang alisogea kutoka ukutani. Alikuwa huru, kibali chake kilikuwa na saa kumi na nane zaidi, na huko nje wenzake walikuwa wameanza kuifungua tena mizigo yao. Lakini alisimama mbele ya yule mwanamke kama mtu anayesubiri kuhukumiwa.

"Mimi sikumtaja," alimwambia. "Hata neno moja."

"Najua, kaka," alijibu Gomti.

Alisukuma zile nusu mbili kwake. Tsewang alizitazama, akafuta vumbi kwa mkono wa joho lake, akazilinganisha yeye mwenyewe, taratibu, kama inavyotakiwa. Likakaa. Akalitenganisha tena, akachukua nusu yake. Gomti akachukua ya baba yake, na kwa kuwa kamba ilikuwa imekatwa, akaifunga kwenye ncha ya shali na kuitia kifuani.